Programu Isilazimishwe Kukesha

Wanachama wenzetu wanaosomea teknolojia ya habari wanapoleta kwenye vikao vya chama programu za simu walizotengeneza, malalamiko huwa ya aina moja. Programu inafanya kazi vizuri ikiwa wazi, lakini ukiifunga na kuitia simu mfukoni, huduma yake ya chinichini hufa. Adhana hailii, kikumbusho hakitokei, picha haifiki. Jibu linalotolewa haraka nalo huwa la aina moja: ilazimishe iishi. Iwashe upya kila ikifa. Iwekee kengele ya kuiamsha kila baada ya muda mfupi. Izuie simu isilale. Mwambie mtumiaji aingie kwenye Mipangilio aondoe vizuizi vyote vya betri. Sisi tunaona jibu hilo si sahihi. Halitibu ugonjwa wenyewe, na gharama yake inalipwa na mtu ambaye hatukumuuliza.

Tuanze na hali yenyewe, kwa faida ya walimu wetu wa fasihi wanaosoma gazeti hili na ambao hawana sababu ya kujua mambo haya. Huduma ya chinichini ni ile sehemu ya programu inayofanya kazi bila ukurasa wowote kuwa wazi mbele ya mtumiaji. Zamani, simu za Android ziliiacha ikae muda iutakao, na programu kumi zikikaa hivyo kwa pamoja, betri ilikwisha kabla ya adhuhuri. Mwaka 2015, Android 6 ilileta hali iitwayo Doze, maana yake kusinzia: simu ikiwa haijachomekwa chaji, imetulia mahali pamoja na kioo kimezimwa, baada ya muda kazi za chinichini na mtandao wake husimamishwa, kisha hufunguliwa kwa vipindi vifupi vifupi. Mwaka 2017, Android 8 ilikwenda mbali zaidi. Programu isiyokuwa mbele ya mtumiaji ikijaribu kuanzisha huduma ya chinichini kwa njia ya zamani, hukataliwa, na msanidi asipojiandaa kwa kukataliwa huko, programu nzima huanguka. Android 12 ya mwaka 2021 ikabana hata huduma za mbele, yaani zile zinazoonyesha arifa ya kudumu, zisianzishwe ovyo kutoka chinichini. Android 14 ya mwaka 2023 ikataka kila huduma ya mbele itaje ni ya aina gani: ya kucheza sauti, ya mahali, ya kupeleka data na kadhalika. Isipotaja, inaanguka.

Wengi wetu huzisoma kanuni hizi kama uonevu wa Google dhidi ya msanidi mdogo. Sisi watu wa Sharqiyah tungekuwa wa mwisho kushangaa. Falaji zetu zimeendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo karne na karne. Maji ni ya mji mzima, na kila shamba lina zamu yake. Zamu moja huitwa athar, kiasi cha nusu saa, na zamani ilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku. Hakuna aliyesema kwamba mitende yake ni muhimu kuliko ya jirani, kwa hiyo mlango wake wa maji ubaki wazi mchana kutwa na usiku kucha. Betri ya simu ndiyo falaji. Doze inapofungua kipindi kifupi, programu zote zenye kazi hupewa zamu kwa pamoja, kila moja ichote yake, kisha mlango unafungwa. Chombo cha WorkManager ambacho Google ilikitoa mwaka 2018 ni daftari la zamu tu: unaandikisha kazi na masharti yake, kwa mfano mtandao uwepo na chaji isiwe ndogo, na mfumo unakuita zamu yako ikifika. Kazi ya kujirudia haikubaliwi kila baada ya chini ya dakika 15. Anayeona dakika 15 ni nyingi kwa kupeleka picha za harusi, atuambie harusi hiyo inamngoja nani.

Kwa nini basi hitilafu hizi hatuzioni mapema, mpaka programu ifike kwa mtumiaji? Sababu moja ni ndogo hata inachekesha: waya. Msanidi huijaribu programu yake simu ikiwa imeunganishwa na kompyuta. Waya ule ule unaopeleka programu kwenye simu unaipa simu chaji, na simu iliyo kwenye chaji haisinzii. Unaweza kuijaribu programu mhula mzima, ukaionyesha mbele ya jopo, ukapata alama zako, na isiwe imewahi kuonja Doze hata dakika moja. Dawa yake ipo na haigharimu kitu. Amri ya adb shell dumpsys battery unplug huidanganya simu ijione imechomolewa. Ya adb shell dumpsys deviceidle force-idle huiingiza kwenye usingizi papo hapo. Na adb shell am kill, ikifuatiwa na jina la programu, huiua programu iliyo chinichini kama ambavyo simu yenye kumbukumbu ndogo ingeiua. Ni amri tatu tu, na tungependa kila mwanachama azijue kabla hajatuambia kwamba programu yake imekamilika.

Amri ya tatu ndiyo inayofichua kosa tunaloliona kuliko yote. Msanidi amesikia kwamba huduma ikirudisha thamani ya START_STICKY, mfumo utaiwasha tena baada ya kuiua. Ni kweli. Lakini mfumo ukiiwasha tena, hauirudishii ile barua iliyoianzisha mara ya kwanza, ile iliyobeba jina la faili, namba ya mtumiaji, saa ya dozi. Unaikabidhi bahasha tupu. Msimbo unaifungua bahasha ukitegemea kukuta kitu, haukuti, na programu inaanguka. Mfumo unaweza kujaribu tena baadaye, ikaanguka tena. Hapo ndipo mtu anaposema simu ndiyo inayomwulia huduma yake. Simu iliiua mara moja tu. Zilizofuata imejiua yenyewe kwa sababu ilifufuliwa bila kujua ilikuwa inafanya nini. Wengi huziba tundu kwa sharti moja: bahasha ikiwa tupu, nyamaza. Kuanguka kunakoma, na kazi nayo imepotea kimya kimya. Lililopaswa kufanywa ni kuiandika kazi kwenye hifadhidata ya simu kabla ya kuianza, ili anayefufuka, hata akikabidhiwa bahasha tupu, afungue daftari aone alipoishia.

Kosa jingine ni la sekunde 5. Programu inayoomba kuanzisha huduma ya mbele kwa startForegroundService humwahidi mfumo kwamba huduma hiyo itatoa arifa yake ndani ya sekunde 5. Kwenye simu mpya ya msanidi, sekunde 5 ni muda mrefu. Kwenye simu kongwe ambayo ndiyo kwanza inaamka, huku huduma ikianza kwa kusoma faili kubwa kabla ya kutoa arifa, muda unapita na ahadi inavunjika. Programu inaangushwa. Na hapa wengi husahau kwamba huduma haina uzi wake wa kazi; isipopewa uzi mwingine, inafanya kazi kwenye uzi mkuu ule ule unaochora kioo. Arifa itangulie, kazi nzito ifuate, na ifanywe pembeni. Hakuna zaidi ya hapo, wala hapahitaji kuzungushia kila mstari mtego wa kumeza hitilafu, kama tunavyoona kwenye kazi za wengine.

Sasa turudi kwenye gharama. Hapa Ibra, simu ikikaribia kuzima unaichomeka ukutani au garini na mambo yanaendelea. Lakini programu zetu za Kiswahili haziishii Ibra. Karibu kila mmoja wetu, akitengeneza kitu chenye maneno ya Kiswahili, anakipeleka kwanza kwa jamaa: Unguja, Pemba, Mombasa, Tabora, Bujumbura. Huko zimejaa simu za Tecno, Infinix na itel, chapa tatu za kampuni moja ya Transsion kutoka Shenzhen, na nyingi kati yake ni za bei nafuu, zenye kumbukumbu ndogo. Data inanunuliwa kwa vifurushi vya siku au vya wiki. Kuna nyumba ambako simu huchajiwa kwa taa ya sola au hupelekwa dukani kuchajiwa kwa malipo. Programu iliyolazimishwa kukesha inakula chaji ya mtu wa namna hiyo usiku kucha ili kuuliza seva kama kuna jipya, na jipya hakuna. Kwa hiyo tunaposema vizuizi vya Android vinatuonea, tujiulize kwanza vinamlinda nani. Mara nyingi vinamlinda shangazi yetu wa Wete dhidi yetu sisi.

Tunakubali kwamba si kila kizuizi kina hekima. Baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza vizuizi vyao juu ya vile vya Android, vikaua hata kengele ambazo Android yenyewe imeziruhusu, na msanidi hana kanuni iliyoandikwa anayoweza kuifuata. Hapo lawama si ya msanidi. Lakini hata hapo, kumwongoza mtumiaji kwenye Mipangilio hatua saba ili aondoe kila ulinzi kwa kila programu ni kumgeuza yeye kuwa fundi wa makosa yetu. Anapomaliza hatua hizo kwa programu sita, simu yake imerudi mwaka 2014.

Kuna hoja nzito dhidi yetu, na imesemwa kwenye kikao na watu tunaowaheshimu: adhana haingoji zamu. Alfajiri ikiingia imeingia, na dozi ya sukari ya bibi si picha ya harusi. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo maana tunasema kazi zitenganishwe badala ya zote kutiwa kwenye huduma moja isiyolala. Jambo linalotakiwa kwa dakika yake halihitaji huduma inayokesha likilingoja. Linahitaji kengele. Simu yenyewe ina mtunza saa, na mtunza saa huyo anaweza kuiamsha programu hata ndani ya Doze, ikafanya lake, ikalala. Kwa kengele za setExactAndAllowWhileIdle kuna mpaka: simu ikiwa imesinzia, programu haiamshwi zaidi ya mara moja kila dakika 9. Sala tano kwa siku na dozi mbili tatu zinaingia humo bila kubanana. Kinachohitaji huduma ya mbele ni kile ambacho mtumiaji mwenyewe anajua kinaendelea, kama kusikiliza kisomo cha Qur'ani njiani kwenda Sur, au ramani inayomwelekeza. Vilivyobaki, na ndivyo vingi, vinangoja zamu.

Lakini kengele nayo ina adabu zake, na huku ndiko programu za sala zinakoangukia. Simu ikizimwa, kengele zote zilizopangwa hufutika. Programu isiyosikiliza tangazo la kuwaka kwa simu haitapanga nyingine mpaka ifunguliwe. Kuanzia Android 14, programu nyingi zikiingizwa kwenye simu upya hazipewi ruhusa ya kengele za dakika kamili mpaka mtumiaji aikubali mwenyewe, na anayepanga kengele hiyo bila kuuliza kwanza kama ruhusa ipo, anaangushwa. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, arifa nazo zinaombewa ruhusa. Na kuna jambo linalowahusu Waomani wa Kiswahili kuliko watu wengi: safari. Anayepanda ndege Maskati kwenda Unguja anarudisha saa nyuma kwa saa 1, na jua la Unguja si jua la Ibra. Kengele zilizokokotolewa kwa ajili ya Ibra zitamwita kwa wakati wa Ibra, isipokuwa programu iwe imesikia kwamba majira yamebadilika na ikakokotoa upya. Kukesha hakusaidii lolote hapo. Programu inaweza kukesha usiku kucha na ikaadhini saa isiyo yake.

Tukitaka mfano wa kazi iliyojengwa kwa kukubali kwamba mambo yatakatika, hatuhitaji kwenda California. Zanzibar kuna mpango wa Jamii ni Afya, ambao wahudumu wa afya ya jamii hutembelea familia nyumba kwa nyumba wakiwa na simu, wakifuatilia wajawazito na watoto wadogo. Mfumo wanaoutumia umejengwa juu ya Community Health Toolkit, zana huria zinazotumika pia Kenya, Uganda na kwingineko, na msimamo wake wa kwanza ni kwamba mtandao si wa kutegemewa. Anachokiandika mhudumu kinahifadhiwa ndani ya simu kwanza. Mtandao ukipatikana, simu na seva zinalinganisha walichonacho na kupeana kinachokosekana. Mtandao ukikatika katikati, wataendelea walipoachia. Katika mpangilio huo kukatika ni jambo la kila siku, na kuumwa kwa mtoto hakupotei kwa sababu programu ilifungwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kuandika kwa ajili ya maonyesho ya chuo na kuandika kwa ajili ya Micheweni.

Jambo la mwisho tunalotaka kulisema ni la lugha, na kwa chama cha Kiswahili pengine lilistahili kutangulia. Huduma ya chinichini inapoanguka, mara nyingi hakuna dirisha linalotokea wala sauti. Hata takwimu hazilioni: Google Play huziteremsha programu ambazo watumiaji wake wa siku wanaoshuhudia kuanguka wanazidi asilimia 1.09, lakini kipimo hicho kinahesabu kuanguka ambako mtumiaji ana uwezekano wa kukuona, programu ikiwa wazi au huduma yake ya mbele ikiwa inafanya kazi. Kifo cha kimya cha chinichini hakimo. Kwa hiyo programu ya dawa inaweza kuwa na alama nzuri dukani huku bibi akikosa dozi ya usiku, na ripoti pekee ya hitilafu ni bibi mwenyewe anayesema, "Mjukuu wangu, simu hii imelala." Tumezoea kucheka kauli hiyo. Ukiitazama vizuri, ni maelezo sahihi ya Doze kuliko yale tunayoyaandika kwenye ripoti zetu.

Tangu Android 11 ya mwaka 2020, programu inaweza kuiuliza simu imekufa kwa nini mara ya mwisho, na simu ikajibu: kumbukumbu ilijaa, au msimbo ulianguka, au uzi mkuu uliganda, au mtumiaji aliifunga mwenyewe. Majibu yapo. Wasanidi wengi huyapeleka kwenye seva yao na kumwacha mtumiaji gizani. Sisi tunataka apewe yeye kwanza, kwa Kiswahili cha mtu mzima. Si "Hitilafu imetokea, jaribu tena baadaye," maneno ambayo hayamwambii hitilafu gani, wala ajaribu nini, wala baadaye lini. Iandikwe hivi: "Jana saa mbili usiku kengele ya dawa haikulia, kwa sababu simu ilikuwa imezimwa. Je, ulikunywa dawa?" Sentensi mbili hizo zina thamani kuliko huduma inayokesha, maana zinamrudishia mtu uamuzi. Na tuangalie hiyo saa mbili. Programu nyingi zilizotafsiriwa humwandikia bibi 20:00, au vibaya zaidi, "saa ishirini", saa ambayo haipo kwenye Kiswahili cha nyumba yoyote ya Ibra wala ya Ng'ambo.

Kazi ya kuandika sentensi za namna hiyo haiwezi kufanywa na wanafunzi wa kompyuta peke yao. Tunawaomba wanachama wa upande wa lugha waketi nasi na kuandika orodha ya ujumbe wa hitilafu: simu ilizimwa, ruhusa haikutolewa, nafasi imejaa, mtandao haupo, programu ilifungwa. Maneno rasmi ya "chinichini", "arifa" na "Mipangilio" tayari tunayo kwenye simu zenyewe, na tuyatumie hivyo hivyo ili mtu akiambiwa aende mahali apakute. Yaliyobaki yaulizwe kwa wazee wetu waliokulia Unguja na bara, wasikilizwe wanavyoieleza simu iliyogoma, kabla hatujabuni istilahi ambayo hakuna atakayeitamka.

Kwa walimu wetu wanaosahihisha kazi za programu tuna ombi moja tu. Siku ya maonyesho, mwanafunzi asionyeshe programu yake ikiwa kwenye waya. Simu zikusanywe jioni iliyotangulia, zichomolewe, ziachwe mezani zimetulia mpaka asubuhi, na mbili kati yake zizimwe na kuwashwa usiku. Asubuhi jopo lizifungue moja moja bila mwenyewe kuwepo, lisome programu imeandika nini juu ya yaliyoipata usiku huo.